Magoti ya Jumbe Pofu

Hadithi iko mlangoni.

— Ipite ndani.

Ina matope miguuni.

— Ipanguswe ipite.

Haina kiti.

— Ikae mapajani petu.

Haya, isogezeeni nafasi basi. Wewe Mwadime, kunja miguu. Wakesho, acha kuchokora moto, mbaazi hazitaiva kwa kuchokorwa. Mimi nyanya yenu nina swali kwanza. Nani kati yenu amewahi kumsikia pofu akitembea? Simsemi asiyeona, namsema pofu mnyama, yule mkubwa wa ukoo wa swala, mwenye ngozi inayoning'inia shingoni. Akitembea, magoti yake hulia. Ka. Ka. Ka. Mnyama mzima ana nguvu zake, halafu magoti yanalia kama mtu anayevunja kuni. Tangu utoto wangu jambo hilo lilinishangaza, nikawa nauliza kila mtu mpaka wakanichoka. Mwisho nikaambiwa, na leo nawaambia ninyi.

Zamani, zamani sana, kabla sijazaliwa mimi na kabla hajazaliwa aliyenizaa, wanyama walikuwa na nchi zao, mipaka yao na wakubwa wao. Palikuwa na mto. Ng'ambo ya huku alitawala Jumbe Pofu. Ng'ambo ya kule alitawala Mtemi Nyati.

Kule kwa Nyati kulikuwa na ardhi ya chumvi. Mnyama asiyelamba chumvi hukonda na maziwa yake hukauka, kwa hiyo tangu enzi za mababu pande zote mbili zilikwenda kulamba pamoja. Siku moja Nyati akakasirika. Alisema watu wa Pofu wanakanyaga ovyo na kuacha mavi kila mahali. Akaifunga chumvi. Jumbe Pofu akavuka mto kwenda kuomba, na Nyati akamrudisha mbele ya raia wake, hata salamu hakumpa. Pofu alirudi kwake. Aibu ile ilimkaa kooni, hakuweza kuimeza wala kuitema.

Sasa, Jumbe Pofu alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, aliyempata uzeeni. Jina lake Kideka, na kweli alidekezwa. Akipiga chafya, nchi nzima iliulizwa nani amepeperusha vumbi. Mkumbukeni huyo Kideka, tutamhitaji.

Na walinzi wa nchi ile walikuwa kanga. Macho wanayo, sauti wanayo, na hawaoni haya kupiga kelele. Kanga walikuwa na milio minne, na kila mnyama aliijua. Akija mwewe, walilia: Juu, juu, juu. Akija nyoka, walilia: Majani, majani, majani. Akija chui, walilia: Mtini, mtini, mtini. Na wakija mbwa mwitu, wale wanaowinda kwa kundi, walilia vipi?

— Wengi, wengi, wengi.

Hivyo hivyo. Kila asubuhi, kabla kifaranga hajaokota hata mbegu moja, mama yake alimsimamisha ataje milio yote minne. Asiyeitaja hali. Ndiyo desturi yao, na ndiyo iliyoiweka nchi salama.

Basi kule kwa Nyati waliishi mbwa mwitu. Wakamla ndama, wakamla wa pili, wakamla wa tatu. Nyati akawakusanya raia wake, wakashusha pembe, wakawafukuza mbwa mwitu mpaka mtoni. Mbwa mwitu wakavuka wakiwa wamelowa, wachovu, mikia chini. Mkubwa wao aliitwa Masikio, na masikio anayo, mapana kama majani ya mgomba. Akaja mpaka kwa Jumbe Pofu, akainama.

Masikio alijua kuomba, jamani. Hakuomba yote kwa siku moja. Aliomba mahali pa kulala tu. Nyuma ya nyumba ya Pofu kulikuwa na korongo refu lisiloendwa na mtu. Pofu akafikiri moyoni: hawa wanamchukia Nyati, na mimi namchukia Nyati. Pembe zangu sizichafui, lakini meno yao yapo. Akawapa korongo. Asubuhi akawatangazia raia kwamba kule kuna nyuki wakali, mtu asiende.

Raia wakasema, loo, nyuki. Hawakwenda.

Mwezi ulipoandama, Masikio akaja tena. Aliomba chakula. Katika nchi ile mnyama aliyekufa kwa uzee huachiwa tumbusi, ndiyo haki yao. Pofu akawaambia tumbusi wahamie kusini kidogo, hewa ya huku imeharibika. Kuanzia hapo kila mzoga ulivutwa mpaka korongoni wakati wa magharibi. Tumbusi walinung'unika, lakini nani humsikiliza tumbusi?

Mbwa mwitu wakala, wakanenepa, manyoya yakang'aa. Masikio akaja mara ya tatu. Safari hii hakuinama sana.

"Mzee," alisema, "tunakula chakula chako bure, na haya tunaona. Tunataka kukufanyia kazi kule ng'ambo. Lakini kila tukitoka, kanga wako wanatutangaza. Nyati anasikia, anaficha ndama. Tunafika, hakuna kitu."

Mnaona alipofika? Mahali, kisha chakula, kisha hili. Mghoi naye pale kwenu anatikisa kichwa, ameshaona.

Jumbe Pofu akamwita mkubwa wa kanga, mama mmoja aliyeitwa Bi Madoa, mwenye vidole vilivyopinda kwa uzee. Akamweleza polepole kwamba mlio wa nne hautumiki tena, uachwe. Na vifaranga wafundishwe mitatu, inatosha, kwanza wanachelewa kula.

Bi Madoa alimtazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili, mnajua kanga hana njia nyingine ya kutazama.

"Jumbe," alisema, "mlio ukishatoka midomoni mwa watoto, siku ukiuhitaji utaukuta wapi?"

"Sitauhitaji. Wale ni wageni wangu."

"Wageni wa kwenye nyuki?"

Pofu akarudia kwamba mlio uachwe. Bi Madoa akasema yeye hawezi, mdomo wake hauna mlango wa kufungwa na mtu mwingine. Siku ileile akavushwa mto, na akaambiwa akirudi atakanyagwa. Alikwenda akaishi kwa Nyati, kama kuku wa watu, bila ndugu. Kanga wengine wakaona yaliyompata, wakafunga midomo. Asubuhi iliyofuata vifaranga walisimama, wakataja milio yao. Hebu nanyi mtaje.

— Juu, juu, juu.

— Majani, majani, majani.

— Mtini, mtini, mtini.

Na wa nne? Nyamazeni. Hakuna wa nne. Vifaranga wakala.

Ndipo mbwa mwitu wakaanza kuvuka mto jioni na kurudi alfajiri. Kanga waliwaona wakipita, wakatazama pembeni. Ng'ambo ya kule ndama wakaanza kufa, leo huyu, kesho yule. Mama wa ndama walilia mpaka huku kilio kilisikika. Jumbe Pofu alikisikia akiwa anakula majani yake. Alitafuna, akameza.

Nyati alikuwa na mjumbe wake, yangeyange, yule ndege mweupe anayetembea na nyati kila mahali. Bi Madoa alikuwa amemwambia anachoshuku, lakini Nyati alitaka kusikia kwa Jumbe mwenyewe, akamtuma. Yangeyange akasema wameona nyayo za mbwa mwitu zikielekea mtoni, je, Jumbe anawajua?

Nchi zile zilikuwa na kiapo chao. Mtu hakuapa kwa mbingu wala kwa kaburi, aliapa kwa kiungo cha mwili wake mwenyewe. Mwenye macho aliapa kwa macho, mwenye mbio aliapa kwa kwato. Jumbe Pofu aliyaonea fahari magoti yake, maana aliweza kuruka juu kuliko mwenzake yeyote.

"Kama nawajua hao," alisema, "magoti yangu yaseme."

Wakasikiliza. Magoti kimya. Yangeyange akaenda zake.

Akarudi mara ya pili. Safari hii alileta manyoya yaliyonasa kwenye miiba, manyoya ya mbwa, upande wa huku wa mto. Jumbe Pofu akasema upepo hubeba manyoya. Akaapa tena, kama nawajua, magoti yangu yaseme. Akahisi kitu kinamwasha ndani ya goti. Akadhani ni kupe.

Mara ya tatu hakuja yangeyange. Alikuja Mtemi Nyati mwenyewe, peke yake, pembe zikiwa zimeinama. Ndama wake wa mwisho alikuwa amechukuliwa usiku uliopita. Nyati, yule aliyemnyima Pofu hata salamu, alisimama mlangoni na kusema kwa sauti ndogo.

"Jirani, sikuja kwa vita. Nataka kujua tu. Wanakaa kwako?"

Jumbe Pofu alimhurumia, siwafichi. Alitaka kusema. Lakini mtu aliyekwisha kuapa mara mbili, ya tatu humtoka yenyewe. Akasema hawajui, na kama anawajua, magoti yake yaseme.

Nyati akageuka kwenda. Pofu akapiga hatua kumsindikiza. Ka.

Akatazama chini, akidhani amekanyaga kijiti. Hapakuwa na kijiti.

Baada ya hapo Nyati alichoka. Watu wake walikuwa wamekwisha kulia. Akatuma neno kwamba chumvi imefunguliwa, waje walambe wote kama zamani, huenda wakiwa wengi mahali pamoja mbwa mwitu wataogopa. Siku ile Pofu alivuka mto kichwa juu. Alilamba chumvi mpaka ulimi ukamwasha. Alijiambia: nimeshinda, na pembe zangu ni safi. Aliporudi alikwenda moja kwa moja korongoni.

Akamwambia Masikio kwamba kazi imekwisha, ahsanteni sana, sasa rudini kwenu.

Masikio alikuwa amelala. Hakusimama. Watoto wake walikuwa wanacheza juu ya mgongo wake, wanaumana masikio, wengine wanavuta mfupa.

"Kwetu wapi, mzee?" alisema. "Sisi wakubwa labda tunapakumbuka. Lakini hawa wamezaliwa hapa. Ukiwauliza kwao, watakuonyesha mlango wako. Njia zako wanazijua, na watoto wako wanapolala wanapajua. Na kanga wako hawana neno nasi. Twende wapi?"

Pofu akasema basi kaeni, lakini kimya, na msivuke tena kwa Nyati, tumepatana.

"Hatutavuka," alisema Masikio. "Tutakula nini?"

Jumbe Pofu akautazama ule mfupa. Akageuka, akaenda nyumbani kwake. Ka. Ka. Ka.

Mnataka kujua walikula nini? Mimi pia nilipoambiwa niliuliza, na nilijuta kuuliza.

Kwanza alichukuliwa mtoto wa swala. Mchana kweupe, kanga wakiwa wamejaa juu ya kichuguu, wote vijana, macho makali. Mama swala akaja mbio, akawauliza kama hawakuona. Wakasema waliona vizuri sana. Akawauliza mbona hawakulia.

"Tulie nini?" wakasema. "Hawakuwa juu. Hawakuwa majanini. Hawakuwa mtini."

Na hawakuwa wanamdhihaki, maskini. Walikuwa wanasema walichofundishwa.

Wa pili akachukuliwa mtoto wa pundamilia. Kanga wakaulizwa, jibu likawa lilelile. Kina mama wakubwa wa kanga walisikia, wakainamisha shingo. Wao walikuwa wanaujua mlio wa nne. Lakini walikuwa wameumeza muda mrefu, na walipojaribu kuutoa ulitoka kama kikohozi.

Raia wakamwendea Jumbe wakitaka kujua mbwa mwitu hawa wametoka wapi. Jumbe akasema atachunguza. Angesema nini kingine? Angesema wanatoka kwenye nyuki? Angemwomba Nyati msaada wa pembe, Nyati angeuliza wanakaa wapi. Kila mlango aliotaka kuufungua aliukuta ameufunga yeye mwenyewe. Akabaki kukaa karibu na Kideka. Alimpeleka malishoni, akamrudisha, akalala mlangoni kwake. Akitembea magoti yanalia.

Lakini mtoto ni mtoto. Siku moja Jumbe alisinzia kivulini, Kideka akaona kiu, akashuka mtoni peke yake.

Mbwa mwitu wakatokea upande wa korongo. Hawakukimbia, walitembea tu, wamejipanga mstari. Juu ya kichuguu kanga vijana wakawaona. Wakatazama juu, hakuna mwewe. Wakatazama majani, hakuna nyoka. Wakatazama mtini, hakuna chui. Wakanyamaza. Kideka ameinama, anakunywa maji.

Ghafla kutoka ng'ambo ya kule ikasikika sauti ya kizee, imepasuka, inakwaruza. Ilisema nini?

— Wengi, wengi, wengi!

Bi Madoa. Kuku wa watu, vidole vimepinda, alikuwa bado anautaja kila asubuhi, peke yake, asiye na kifaranga wa kumsikia. Kideka hakuujua mlio ule, uliachwa yeye akiwa bado mchanga. Lakini nyati waliujua. Walikuja mbio ukingoni, ardhi ikatetemeka. Kideka alistuka na kelele, akajitupa majini kuifuata ile sauti. Jino moja lilimkwaruza mguu wa nyuma. Alipotoka ng'ambo nyati walimzunguka duara, yeye katikati, pembe nje. Mbwa mwitu wakafika katikati ya mto, wakaona pembe, wakarudi.

Jumbe Pofu alipofika alikuwa anahema. Akavuka. Akamkuta mtoto wake anatetemeka katikati ya wale ambao watoto wao walikuwa wameliwa. Nyati akafungua njia.

"Huyu hapa mtoto wako," alisema Nyati. "Mchukue. Lakini nakuuliza mara ya mwisho, jirani. Hawa wametokea upande wako, na wamerudi upande wako. Wanakaa wapi?"

Macho yote yakamgeukia. Hata yangeyange alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Jumbe Pofu alikuwa na uongo tayari, unamning'inia ulimini, kwamba wanatoka milimani. Akasogea hatua moja ili ausemee karibu. Ka. Wote wakasikia. Akarudi nyuma. Ka.

Mambo yakaisha hapo. Akapiga magoti yaleyale, akasema yote: korongo, mizoga, mlio wa nne, na viapo vitatu. Alisema mbele ya Kideka.

Nyati hakumpiga. Pofu alimngojea ampige, na ingekuwa afadhali. Nyati alimtazama Kideka, jeraha lake, miguu yake myembamba.

"Wangu alikuwa wa umri huu," alisema. Akageuka, akaenda zake kulamba chumvi, na hadi alipokufa hakumsemesha tena Pofu.

Pofu akamsihi Bi Madoa arudi kufundisha. Bi Madoa alisema atarudi, si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya vifaranga. Lakini alitoa sharti lake. Kuanzia siku ile kanga hataambiwa tena na mkubwa yeyote kipi cha kulilia na kipi cha kunyamazia. Ndiyo maana kanga wa leo hulilia kila kitu. Hulilia chui, hulilia jani linaloanguka, hulilia shangazi yenu akipita na ndoo. Mkiwasikia msiwatukane. Waliwahi kunyamazishwa, na hawajasahau.

Na mbwa mwitu? Nchi mbili zilikwenda korongoni na pembe zote. Zikawakuta wamekwisha kutawanyika, watoto wao na watoto wa watoto wao, kila pori. Hadi leo wapo, na hawana kwao.

Kumbe bado mnangoja magoti. Haya.

Jumbe Pofu alivuka mto na mtoto wake, wakaelekea nyumbani jua likizama. Alidhani akishasema kweli magoti yatanyamaza. Ka. Ka. Ka. Hayakunyamaza. Akasema moyoni, si neno, nitabeba, nimeyataka mwenyewe. Wakaenda. Mara akasikia kitu kingine nyuma yake, kidogo, chembamba.

Ka. Ka.

Akasimama. Kideka naye akasimama, akaitazama miguu yake.

"Baba," alisema, "magoti yangu yanasema nini?"

Kideka hakuapa chochote, wanangu. Hakumficha mtu, hakumlisha mtu. Lakini magoti yake yalilia, na ya watoto wake yakalia, na ya pofu wote yanalia mpaka leo. Na jioni ile, sauti ilipokwenda kwa upepo mpaka vichakani, masikio mapana yalisimama moja baada ya jingine, kusikiliza Kideka anapita wapi.

Basi mafunzo ni haya, yashikeni. Ukilisha meno kwa siri ili yakamuume jirani yako, siku ya kuyaaga hayataagika, kwa kuwa umeyafundisha njia ya nyumbani kwako. Na ukiwanyamazisha walinzi ili siri yako ipite, hiyo hatari nayo itapita kimya, mpaka kwa mtoto wako. Watakaolipa ni ambao hawakuapa.

Hadithi imesimama, inataka kwenda.

— Iende salama.

Imeacha kitu hapo ilipokaa.

— Tumekiona.

Kila mtu achukue chake. Na sasa, Wakesho, funua chungu tuone. Lakini kabla hamjala, semeni mlio wa nne.

— Wengi, wengi, wengi.

Haya. Kuleni.